Baiskeli ya Babu

Juzi, katika hoteli ya Diani ninakofanya kazi, mgeni mmoja mzee aliniomba mrija wa kunywea chai. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka juu ya meza, na uso wake umetulia kama maji ya mtungini. Nilimletea mrija, kisha nikabaki nimesimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nilikuwa nimemkumbuka babu.

Babu alikuwa mhandisi wa maji. Alipostaafu alirudi kwetu Kinondo, ila kupumzika hakukujua. Pampu ya mtaa ikikwama, huitwa yeye. Asubuhi bibi akikaanga mahamri, iliki ikinukia ua mzima, nami nimekalia mbuzi nakuna nazi, babu alikuwa ameshakwenda na baiskeli yake na kurudi, mikono imejaa grisi, anacheka peke yake.

Kisha kicheko kikakoma. Nilimwimbia kasida niliyofundishwa madrasa, akanitazama tu, uso mkavu. Nilikimbilia jikoni nikilia.

"Babu amenichukia!"

"Hajakuchukia, mjukuu wangu," bibi alisema. "Uso ndio umekuwa mzito. Daktari wa Msambweni asema ni maradhi ya Parkinson."

Jina hilo halikunisaidia kitu. Maradhi niliyoyajua mimi yalikuwa homa na tumbo, nayo humlaza mtu. Haya ya babu yalikuwa na vituko. Akifika mlangoni, miguu iliganda kwenye kizingiti kana kwamba imepigwa misumari. Bibi humshika mkono, humbembeleza, wapi! Lakini mtu huyohuyo akishikiwa baiskeli akapanda, alikwenda wima hadi Galu, akikwepa mashimo na mbuzi wa watu.

Jirani yetu alimwona, akaja kusimama uani, mkono kiunoni. "Mzee huyu ana vitimbi. Kutembea hawezi, baiskeli aweza?"

Nami, kusema kweli, sikujua nimwamini nani. Nikamwendea babu barazani.

"Shikamoo, babu. Eti wajisingizia?"

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, ilinibidi nisogeze sikio. "Maji yakikwama bombani, nilijua pa kutazama. Haya ya mwilini mwangu sijui, mjukuu wangu. Hata mimi yanishangaza."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa zaidi. Kama babu hajui, nani ajuaye?

Ami yangu alipokuja kutoka Mombasa na kuyaona hayo, alikasirika. "Siku moja mtaniita nije kumzika!" Akaifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya banda, akaondoka na ufunguo. Bibi alimshukuru, maana siku zote bibi mwenyewe ndiye aliyepiga kelele kuhusu ile baiskeli.

Babu hakubishana. Alikaa tu. Chakula akakiacha, hata samaki wa kupaka, chakula alichokuwa akikipenda. Watu wa pampu walikuja kumwita, akawatikisia kichwa. Mgongo ukazidi kupinda, na hata kugeuka kitandani ikawa kazi ya watu wawili.

Asubuhi moja nilisikia chuma kikikwaruza chuma. Bibi alikuwa amechuchumaa bandani, leso imefungwa kibwebwe, anaukata mnyororo kwa msumeno wa babu mwenyewe. Alikuwa analia na anatukana kwa Kidigo, na sikujua anamtukana nani.

"Bibi, si ataanguka?"

"Aanguke! Nimeolewa na mtu, sikuolewa na kiti."

Alimsaidia kupanda, akamsukuma mgongoni kidogo, naye akaenda. Bibi alisimama njiani mpaka akarudi, na ami hakuambiwa mpaka Idi.

Miaka yote iliyobaki nilingoja habari mbaya itoke barabarani. Haikutoka. Babu hakuanguka hata mara moja. Miguu ilipokataa hata kupanda, aliiegemeza baiskeli ukutani mwenyewe, na baadaye homa ya siku chache tu ikamchukua akiwa kitandani. Bibi naye akamfuata. Kwa nini mwili ulimnyima hatua moja ukampa safari nzima, madaktari hunieleza, nami huitikia, lakini moyoni jambo hilo haliingii.

Jumapili nilikwenda Kinondo. Njia imetiwa lami, viwanja vyetu vina kuta na wenyewe wapya, na pampu imeng'olewa, watu wana matangi. Kijana wa bodaboda aliniuliza, "Dada, wapi nikushushe?" Nilitazama kuta zote zile, moja baada ya nyingine, nikashindwa kumwambia nyumba yetu ilikuwa wapi.