Meza ya Kibondo Haifungwi

Kuna jambo moja ambalo Immakulata haambiliki. Hakuna karatasi inayotoka kwenye kitengo chake kabla mlalamikaji hajasomewa maelezo yake kwa Kiha, mstari kwa mstari, akaitikia "ego", yaani ndiyo, kila mstari. Ndipo dole gumba liguse wino. Kwa miaka kumi na minne ameongoza wasaidizi wa kisheria wa shirika dogo lenye ofisi Kasulu na meza moja tu Kibondo, na kila anayeajiriwa, hata awe na shahada ya kutundika ukutani, huanza kwa miezi miwili ya kusoma na kuitikiwa. Wengine hununa. Brighton, aliyetoka Mbeya na Kiswahili chake kilichonyooka, alinuna mpaka akakijua Kiha.

Balaa ni kwamba wakishaiva, wanachukuliwa na mashirika makubwa. Brighton alikwenda Mwanza, wawili wengine Dodoma. Safari hii makao makuu hayakumung'unya maneno: Rabia, msimamizi wa Kibondo, naye akiondoka, meza inafungwa. Na Rabia alikuwa ameshaitwa kwenye usaili.

"Mnyime ruhusa," wenzake walimshauri.

Immakulata aliwaka. Amnyime mtu aliyemlea mwenyewe? Akamwandikia barua ya kumpendekeza, ukurasa mzima, bila kutia chumvi wala kupunguza. Kisha akapanda basi kwenda kuishika meza ya Kibondo yeye mwenyewe, roho juu juu. Meza ile ikifungwa, watu wa vijiji vile wangelazimika kufunga safari hadi Kasulu kwa kila karatasi, na wengi wasingekwenda.

Pale alimkuta Yusta, binti wa kujitolea ambaye Rabia alikuwa akimfundisha tangu mwaka jana. Immakulata alimjua kwa jina tu.

Asubuhi ya pili aliingia mzee Tharsisi, mwenye mgogoro wa shamba na jirani yake. Kwenye baraza la ardhi walikuwa wakimsubiri mchana huohuo, na benchi nje limejaa, kwa hiyo Immakulata aliandika mbiombio. Mzee alisema mpaka wake ni minyaa iliyopandwa kwa mstari. Immakulata akadhani ni ile iliyo karibu na mto, aliyoiona alipokuwa akipita barabarani, akaiandika hiyo. Akamshika mzee mkono, tayari kwa dole gumba.

Kiganja cha Yusta kikaufunika wino.

"Samahani, mama. Hujamsomea."

Immakulata alihisi uso unawaka moto. Miaka kumi na minne, leo anakumbushwa na mtoto wa juzi!

"Haya, msomee wewe," akasema.

Yusta akasoma kwa Kiha, polepole. Ego. Ego. Alipofika kwenye minyaa, mzee Tharsisi akainuka kitini.

"Oya! Oya, mwanangu!" alikataa. Ile ya mtoni aliipanda jirani mwaka jana kwa ujanja wake. Mpaka wa kweli ni minyaa ya zamani, kule juu kilimani, na katikati ndiko liliko shamba lake lote la maharage.

Immakulata akaichana karatasi na kuandika nyingine. Aibu ilikuwapo, lakini si hiyo peke yake. Alikuwa na furaha ya kutaka kupiga vigelegele.

Rabia alipiga simu siku ya tatu. Amepata kazi. Akaanza kulia. "Nisamehe, mama."

"Nikusamehe kosa gani? Nenda, mwanangu. Nimemwona uliyeniachia."

Siku hiyohiyo aliyaandikia makao makuu kisa chote, na kosa lake mwenyewe hakulificha. Jibu lilikuja wiki iliyofuata: Yusta aajiriwe, meza ibaki.

Alimpelekea mkataba kwa mkono wake. Yusta alipomaliza kusaini, Immakulata akamtania, "Na wewe utatukimbia lini?"

Yusta alichungulia benchi la nje, akacheka.

"Nikishampata wa kunifunikia wino, mama."