Dereva wa Maziwa Aliyeudai Wimbo Wake

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, lori la maziwa linarudi nyuma taratibu katika ua wa shamba la Tŷ Mawr, kwenye rasi ya Llŷn. Ni mvua ile nyembamba ya Februari, hainyeshi sawasawa wala haiachi. Meinir Pritchard, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, anashuka, anavuta mpira mnene wa kunyonya maziwa na kuufunga kwenye tangi la shamba. Anateka maziwa kidogo kwenye kichupa kwa ajili ya kupimwa, kisha anasimama akisubiri.

Mtu anapita nyuma ya pazia la jikoni. Mlango haufunguki.

"Huyo Robat, mwenye shamba," anasema Meinir bila kugeuka. "Miaka yote niliyochukua maziwa hapa, hakuna asubuhi aliyokosa kuniletea chai. Akiniita malkia wa ng'ombe wasio wake. Sasa hivi hata mbwa wake ananitazama upande."

Kilichowakosanisha ni wimbo. Ni wimbo ambao kijiji kizima cha Llanerfyn kiliuimba kwenye mazishi kwa karibu miaka ishirini, kikiamini ni wa wazee wa kale, hadi Meinir aliposimama na kusema ni wake.

Meinir alizaliwa Bryn Eithin, nyumba ya mawe iliyo juu kidogo ya kijiji. Mama yake alizaliwa humohumo. Hawakuwa wenye nyumba bali wapangaji, na mwenye nyumba alikuwa baba yake Robat, Wil Tŷ Mawr, kama alivyojulikana kwa jina la shamba lake. Benki ilipombana Wil, aliiuza Bryn Eithin kwa watu wa mjini waliotaka mahali pa kupumzikia majira ya joto. Meinir, akiwa na miaka ishirini na mitano, alihamia na mama yake kwenye nyumba ya halmashauri karibu na shule.

"Wil hakutuambia. Tulisikia dukani," anasema. "Mama alikuwa ameshika mkate. Akaurudisha kwenye rafu, akatoka nje."

Majira ya baridi yaliyofuata, nyumba ilikaa giza mwezi baada ya mwezi. Meinir, aliyekuwa akijifunza kuendesha lori, alipita chini yake kila siku. Hapo ndipo alipotunga "Dirisha Lisilo na Taa". Aliuimba usukani, akausahihisha usukani, na jioni akauandika mezani kwa mama yake, sauti pamoja na maneno. Hajawahi kuvutiwa na njia nyingine ya kutunga. Injini, anasema, inamsaidia kutosikia mambo ya kijinga.

Aliupeleka kwenye eisteddfod ya kijiji, shindano la kila mwaka la nyimbo na mashairi. Huko mtunzi hatumii jina lake. Hupeleka kazi kwa jina la kubuni, na jina halisi hulitia katika bahasha iliyofungwa. Bahasha ya mshindi hufunguliwa jukwaani mbele ya watu. Za wengine huchomwa zikiwa zimefungwa vilevile, ili aliyeshindwa asichekwe.

Meinir alikuwa wa pili. Jaji aliusifia wimbo, ila akasema ubeti wa tatu una hasira nyingi kuliko uzuri. Na kwa watu wa huku, kusimama useme "yule wa pili ni mimi" ni kujivua nguo hadharani. Meinir akanyamaza.

Katibu wa shindano alikuwa seremala Idwal Rowlands. Alichoma bahasha kwenye jiko la chumba cha nyuma cha kanisa, kama ilivyotakiwa, lakini karatasi ya wimbo ikamshinda kuitia motoni. Miaka ikapita, akawa kiongozi wa kwaya ya wanaume ya kijiji, na siku moja akawafundisha beti mbili za kwanza. Walipomuuliza umetungwa na nani, alijibu ni wa jadi.

"Sikuiba," anasema Mzee Idwal, ambaye sasa ana miaka themanini na moja, huku akimkatia mwandishi wa makala haya kipande cha pili cha keki ya zabibu kavu ambacho hakuombwa. "Nilidhani mwenyewe angejitokeza. Hakujitokeza. Nikasema basi, huu ni wetu sote. Hivi wewe, ukiokota mwanakondoo barabarani, utamwacha hapo?"

Anapokumbushwa kwamba mwanakondoo wa huku huwa na alama ya mwenyewe, anacheka kidogo, kisha anaacha kucheka. "Ndiyo. Na mimi ndiye niliyeichoma hiyo alama."

Wimbo ukapendwa. Kijitabu kimoja cha kwaya kiliandika kwamba ulitungwa na watu waliohamia ng'ambo enzi za njaa. Meinir alikisoma akakirudisha mezani. Mama yake alipofariki, kwaya iliuimba kanisani. Mtunzi alikaa benchi la mbele, akisikiliza maneno aliyoyaandika akiwa na mama huyohuyo pembeni yake.

"Watu walikuja kunipa pole," anasema. "Mmoja akaniambia, 'Umesikia, dada, wimbo ule mzuri wa wazee wetu?' Nikamwambia nimeusikia."

Kwa nini hakusema hata siku hiyo?

"Ningesema nini? Watu wanalia na mimi naanza kudai sifa? Halafu, kusema kweli, nilifurahi. Wimbo ukisahau jina lako ukaendelea kuimbwa, ujue umetunga. Nilikuwa nimeridhika kabisa."

Kuridhika huko kulikoma Oktoba iliyopita, hapahapa kwenye ua wa Tŷ Mawr. Robat, ambaye ndiye anayeimba peke yake mbele ya kwaya hiyo, alitoka na chai akiwa na habari njema.

"Malkia! Tunaingia kwenye televisheni!"

"Mmefanya kosa gani?"

"Acha utani wako. 'Dirisha Lisilo na Taa', wanautaka kwa tangazo. Watatulipa pesa ya kuezeka ukumbi wetu upya. Ndoo zote zile za kukingia mvua tutazitupa."

"Tangazo la nini?"

"Nyumba za likizo," alisema Robat, na mara hiyo sauti yake ikapungua kidogo.

Meinir alidhani anataniwa. Kampuni hiyo ya kukodisha nyumba za likizo ilikuwa imesikia sauti ya kwaya ikaipenda, ila maneno ya Kiwelisi, lugha ya huku, haikuyajua. Wimbo wa nyumba iliyonyang'anywa taa zake ulikuwa unakwenda kuuza nyumba nyingine za namna hiyohiyo. Baadhi ya wanakwaya waliliona hilo. Lakini mvua ilikuwa inaingia ukumbini, na wimbo, kwa walivyojua, haukuwa na mwenyewe wa kuumia.

Meinir alikwenda kwa wakili katika mji wa Pwllheli akiwa bado amevaa mabuti ya kazi. Jibu alilopewa lilimpa moyo na kumvunja moyo kwa pamoja. Hakimiliki, wakili alimweleza, haingoji kusajiliwa. Ilikuwa yake tangu siku alipouandika wimbo karatasini, na bila ruhusa yake hakuna tangazo. Shida ilikuwa kuthibitisha. Bahasha ilikuwa majivu, mama yake alikuwa kaburini, na karatasi yenyewe Idwal aliipoteza alipohama nyumba.

"Wakili akaniambia, 'Mama, haki unayo. Shahidi huna.' Nikamwambia shahidi ninaye, ule ubeti wa tatu, ila kuna mtu atanichukia."

Jumanne iliyofuata aliingia kwenye mazoezi ya kwaya. Mwanamke huingia chumba kile kuleta chai, na wanaume kadhaa walitazama mikono yake kama ana birika. Aliwaambia wimbo ni wake na hautakwenda kwenye tangazo.

Palizuka kelele. "Meinir, mpenzi, hata mimi naweza kusema zaburi nilitunga mimi," alisema mmoja wa waimbaji wa sauti ya chini, na watu wakacheka. Mwingine akauliza kama paa likiwaangukia watampigia yeye simu.

"Mnaimba beti ngapi?" aliuliza Meinir.

"Mbili. Ndizo zilizopo," alijibu Robat.

"Mzee Idwal, ni mbili?"

Idwal akainamia karatasi zake za nyimbo. Basi Meinir akauimba wa tatu, ule ambao watu wawili tu duniani walikuwa bado wanaukumbuka, yeye na aliyeukata. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi:

*Si mgeni aliyelifunga lango,*
*wala si upepo wa baharini;*
*ni Wil, jirani, kwa mkono wake,*
*na kesho yake alikuja kanisani.*

Hana sauti kubwa. Alipomaliza, Idwal alivua miwani, akakaa kwenye kiti cha kinanda, akasema, "Ni wake. Ubeti huo niliutoa mimi. Wil alikuwa bado hai, na Robat alikuwa ameanza kuimba nasi."

Robat alichukua koti lake akaondoka. Hivyo ndivyo mwana alivyojua, mbele ya wenzake, kwamba wimbo alioutolea sauti yake nzuri miaka yote hiyo, hadi kwenye mazishi ya baba yake mwenyewe, ulikuwa unamsema baba yake.

Meinir hajisifii ushindi huo. "Nilijua nitamuumiza nikauimba. Sitaki mtu anifariji kwa hilo. Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia, lakini sikuwa nayo."

Idwal aliiandikia kampuni kwamba wimbo una mwenyewe. Kampuni ikampigia Meinir simu akiwa anaosha lori, ikamwongezea dau mara mbili. Mtu wa upande wa pili alimweleza kwa upole kwamba wimbo huo unamfanya msikilizaji aitamani nyumba.

"Nikamwambia najua. Hata mimi naitamani. Ndiyo maana niliutunga."

Alikataa, na gharama ya kukataa anailipa kila siku. Ukumbi bado unavuja. Dukani kuna wanaomwita mchoyo, na wapo wanaovuka barabara wasikutane naye. Kwaya ameiruhusu iuimbe bure popote, beti mbili zilezile, mradi jina lake litajwe. Ubeti wa tatu ameuzuia mwenyewe. "Umeshaumiza mtu mmoja. Inatosha."

Nyimbo zake nyingine, ambazo zamani aliziacha zipotee njiani, sasa anazirekodi kwenye simu kabla hajazima injini, kisha anazisajili katika chama cha watunzi. Majina ya kubuni ameachana nayo.

Linalomsumbua ni jambo aliloambiwa na wakili mwishoni: hakimiliki itaendelea miaka sabini baada ya kifo chake. Meinir hana mume wala mtoto. Kampuni za aina ile haziishi, na siku moja nyingine itapiga simu, naye hatakuwepo kuipokea. Ndiyo sababu mwezi ujao anarudi Pwllheli kuandika wosia. Nyumba ya kurithisha hana. Anarithisha haki ya kukataa.

Anafungua mpira wa maziwa, anaukung'uta, na kumtaja anayetaka kumwachia wimbo. Ni Robat.

Mwandishi anamwomba arudie, akidhani injini imemziba masikio.

"Robat Tŷ Mawr," anarudia. "Wil alisema 'ndiyo' kwa wanunuzi mara moja tu, na baada ya hapo hakupita tena mbele ya Bryn Eithin. Ng'ombe wake aliwazungusha njia ya chini, mvua, theluji, mpaka alipokufa. Nilikuwa namwona kutoka kwenye lori. Na aliyekuwa akitembea nyuma ya wale ng'ombe, tangu yuko shule, ni Robat. Hakuna mtu huku anayejua kama yeye 'ndiyo' moja inagharimu nini. Wakija na pesa zao, huyo hatawakubalia."

Je, ameshamwambia?

Meinir anapanda lorini, anafunga mlango, anateremsha kioo.

"Nitamwambiaje? Hata salamu hanipi. Acha kwanza anisalimie."