Mtoto wa Mbwa Aliyekuja kwa Treni

Mume wangu alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na hata alipostaafu hakuacha kwenda stesheni. Asubuhi anapanda baiskeli hapa kwetu Isevya, Tabora, anakwenda kupiga soga na wenzake wa zamani, mchana anarudi kula. Siku moja alirudi na boksi limefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira. Lilikuwa limetobolewa matundu, na ndani kitu kilikuwa kinakwaruza.

"Nini hicho?"

"Mtoto wa mbwa. Ametumwa kutoka Dar, mwenyewe hajaja kumchukua. Simu yake haipatikani. Wenzangu walikuwa hawajui wamfanyeje."

"Ukasema wakupe wewe."

Alifungua boksi, kikatoka kitu cheupe cha manyoya marefu, kidogo kuliko kuku wangu, kimejichafua na kinatetemeka. Nilisema atalala nje. Mume wangu akasema sawa, ni mgeni tu, mwenyewe akitokea ataondoka. Akampashia maji ya kumwogesha.

Sikumpenda wala sikumchukia. Alipopata nguvu akawa mtundu. Alivuta kanga kwenye kamba, akaburuta kandambili zangu hadi kwa jirani, akawafukuza kuku mpaka jogoo alipomgeuzia kibao. Mimi nilikuwa nafua na kuanua, nawaambia watu huyu si wetu. Mume wangu, ambaye tangu astaafu alikuwa haongei sana nyumbani, nilianza kumsikia uani akibishana na mbwa juu ya soksi.

Mvua zilikuwa zimeshaanza mwanamke mmoja aliposhuka kwenye bajaji mlangoni kwetu. Alikuwa kijana, amekonda, anatembea kwa fimbo. Alisema, "Shikamoo mama. Stesheni wameniambia mbwa wangu yuko hapa."

"Marahaba. Karibu."

Alieleza kwamba alihamishiwa Tabora kikazi. Siku mbwa alipofika, yeye alikuwa amegongwa na bodaboda, amelazwa, simu imevunjika. Alipotoka alikwenda kwao kuuguzwa, akaamini mbwa amekufa.

Mume wangu alisikiliza yote. Kisha akaingia ndani, akatoka na bakuli la mbwa, amelisafisha, akaliweka miguuni kwa mgeni. Nilimtazama, nikajikuta nasema, "Kwanza kaa unywe chai, mwanangu."

Mbwa alimnusa yule mwanamke, akamrukia, akang'ata fimbo akitaka kuivuta. Mwanamke akacheka. Mbwa alipochoka akaenda kujilaza juu ya viatu vya mume wangu.

"Mnampa nini?" akauliza mgeni.

"Ugali na dagaa," nikasema.

"Kule Dar alikuwa anachagua chakula."

"Hapa hachagui."

Alikunywa chai yote. Akasema amepanga chumba kimoja, anatoka asubuhi na kurudi jioni, na mguu bado haujapona. Hatukumshawishi. Alimshika mbwa kichwani muda mrefu, halafu akamuuliza mume wangu, "Baba, naweza kuwa nakuja kumwona?"

"Jumapili tupo," akasema mume wangu.

Anakuja, si kila Jumapili. Mguu umepona. Wiki iliyopita alileta shampuu ya mbwa, yenye harufu nzuri kuliko sabuni yangu, nami nikamwogesha mbwa kwa mikono yangu kwa kuwa mume wangu alikuwa na mafua.