Fundi wa Dirisha la Chini

Nilianza kwa kumpelekea fundi kahawa, ili awaelekeze wateja wake kwenye duka langu la kompyuta, juu ya karakana yake iliyo chini ya ardhi. Dirisha lake liko usawa wa barabara, kwa hiyo watu wa jiji zima la Sofia humpigia magoti awachomee DVD, yaani awanakilie filamu na picha zao. Mimi na mlango wangu wa kioo, hata salamu sipati. Yeye kila diski huifuta kwa pindo la shati, taratibu, kama uso wa mtoto.

"Mjomba, laptopu za kuchoma DVD zitakuja lini?" mteja mmoja alimuuliza, amepiga magoti dirishani.

"Subiri zabibu zivunwe, Rumyana. Za huyo wa juu zimepitwa na wakati, usinunue."

Nilimsikia nikiwa mlangoni kwangu, nikameza wivu. Zabibu zilipovunwa, nikajaza rafu kwa laptopu mpya za kuchoma DVD.

"Sasa nunueni," fundi akawaambia wateja wake, akijikatia riziki mwenyewe, maana sasa wangejichomea DVD nyumbani.

Niliziuza zote. Na kila mnunuzi, akitoka kwangu, alipiga magoti pale dirishani kumuuliza fundi, "Huyo wa juu hajanipunja?"