Chupa Iliyokataa Haraka

Siku yangu ya kwanza kazini, Daktari wa Mifugo pale Voi aliniuliza nimetoka kazi gani.

"Reli, Bwana Daktari. Kabla yake mkonge. Kabla yake kuni, Maungu."

"Basi hapa utakaa hadi Ijumaa," akacheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeachia shule darasa la nne, lakini maswali sikuyaacha. Nikamwuliza ile chupa mezani ina nini. Alivuta kiti.

"Sukari ikichachushwa na ukungu hugeuka asidi. Asidi hiyo ikiungana na chokaa huzaa chumvi, kalsiamu glukoneti. Chumvi nyingine za chokaa huunguza nyama. Hii ni pole. Mwili huitumia ile asidi kama chakula, na chokaa huendesha misuli."

"Hata moyo?"

"Hata moyo. Ukiimimina haraka, utausimamisha."

Baadaye nilihamishiwa Wundanyi, chini ya Inspekta wa Mifugo, naye akanituma Ronge peke yangu. Ng'ombe wa Mama Mghoi, mjane, alikuwa amezaa jana. Sasa amelala, shingo imepinda ubavuni, masikio baridi. Mama hakuwa na ng'ombe mwingine. Shemeji yake alikuwa ananoa kisu.

"Jana ulimkamua kiasi gani, mama?"

"Nilimkausha kabisa. Dang'a ni ya majirani, utawanyima?"

Kumbe chokaa ya ng'ombe ilikuwa imeishia kwenye sufuria. Maziwa ya kwanza huibeba kwa wingi, na mifupa haiwahi kuirudisha.

Nilipasha chupa kwenye maji ya moto, nikachoma mshipa wa shingo kwa sindano iliyounganishwa na chupa kwa mpira. Dawa ikadondoka polepole.

"Hiyo itakwisha Krismasi?" shemeji akasema. "Nyama inaharibika, kijana."

Aibu ikaniinua mkono. Chupa ilipopanda, dawa ikakimbia. Nikaweka sikio ubavuni: moyo ukapiga, ukaruka, ukanyamaza.

"Amekufa?" Mama Mghoi aliuliza.

Nikashusha chupa chini kabisa, nikangoja. Ukapiga mara moja. Tena. Tangu hapo sikumsikiliza mtu ila moyo ule.

Chupa ilipoisha ng'ombe alitetemeka, akacheua, akakojoa, akasimama.

"Kesho mkamulie ndama tu," nilimwambia mama.

"Na majirani?"

"Waambie wanidai mimi."

Shemeji alichukua kisu chake akaenda kumkatia ng'ombe majani.

Nimestaafu nikiwa katika kazi ileile. Vijana huniuliza nini kilimtuliza mtu aliyekuwa akihama kazi kila mwezi. Nawaambia ni mkono wangu kujifunza kukaa chini, chupa ikidondoka, ng'ombe akingoja kusimama.