Tulienda Meru Kununua Kichwa cha Kamera

Watu wa siku hizi wakitaka kukuonyesha wamesoma, wanakuambia bei kwanza. Kitu ya bei kubwa ni nzuri, ya bei kidogo ni takataka, na hapo masomo imeisha. Mimi sikuenda shule, kwa hivyo lazima niangalie kitu yenyewe.

Mjukuu wangu, msichana wa marehemu binti yangu, anapiga video za harusi na mazishi hapa kwetu Githongo. Anatumia kamera ile ya picha, nyeusi, ya kubadilisha lenzi. Chini ya kamera kuna miguu mitatu, na katikati ya miguu na kamera kuna chuma wanaita kichwa. Hicho ndicho kinageuka. Kile alikuwa nacho kilikuwa cha picha za kusimama tu. Ukilegeza, kamera inaanguka. Ukikaza, inakauka. Ukijaribu katikati, inashtuka. Alipiga harusi moja kanisani, na siku ya kuonyesha, bibi harusi akaonekana anatembea kama kuku amefungwa mguu. Watu walicheka mpaka pasta akacheka. Msichana alichukua vitu vyake akarudi nyumbani bila kula.

Sasa jirani yetu alikuwa anaoza msichana wake. Huyo mama anaongea kwa pua, polepole, kama mtu ameweka uji moto mdomoni. Alikuja kwangu akakaa kwa ukingo wa kiti, eti asichafue nguo.

“Mama, huyu mtoto tunampenda, unajua tunampenda,” akasema. “Lakini harusi ni mara moja. Na kuna kijana wa Nchiru ako na vyombo.”

Akasema ataangalia kwaya ikipigwa video Jumapili, yeye mwenyewe akiwa ndani ya kwaya. Picha ikiruka tena, ataita wa Nchiru. Na hiyo tulielewa sisi wote wawili. Hapa kwetu mtu akishindwa mara mbili hakuna mwenye anamwita ya tatu. Msichana angeuza kamera aende kuchuma kahawa za watu.

Kijana wangu ni mwalimu, na mwalimu hakuna kitu hajui. Alisoma simu jioni mbili, akasimama mbele yetu kama tuko paredi, mikono nyuma, tumbo mbele. Akasema tununue kichwa kile kikubwa cha kubeba kilo nane. “Kitu inabeba ng'ombe,” akasema, “itashindwa na mbuzi?” Akangoja tupige makofi. Mimi nilinyamaza kwa sababu nauli ilikuwa bado iko kwa mfuko yake.

Tukaenda mimi na msichana. Duka iko juu ya ngazi, Meru mjini. Mwenye kuuza alikuwa na tai na marashi ya kuua nzi. Mjukuu wangu akamwambia anataka kichwa cha mafuta, chenye kinageuka bila kushtuka, na hana pesa mingi. Kusikia hana pesa mingi, uso wa huyo mtu ukafungwa kama duka ya Jumapili.

Alileta cha kwanza. “Madam, hii ni flwidi hedi kabisa, orijino,” akasema, yaani kichwa cha mafuta. Aliongea na mimi kwa sauti ya juu, akidhani mzee ni kiziwi. Nikashika mkono wake, wa hicho chuma, nikauvuta pole. Ukakataa. Nikavuta tena, ukaruka. Nikauachilia, ukarudi nyuma kidogo kama mtu amekumbuka deni. Kile kimashine cha kumenya kahawa tulikuwa tunazungusha na mkono kilikuwa kinafanya hivyo kikikosa grisi. Nikamwambia mafuta yote iko kwa maandishi ya boksi, ndani ni chuma na chuma vinagombana.

Akacheka meno tu, akaleta kile kikubwa cha kilo nane. Hicho kiligeuka vizuri, siwezi danganya. Kilienda kama uji wa wimbi ukimiminwa. Macho ya mjukuu wangu ilikuwa imeshalipa. Bei yake ilikuwa bei ya ng'ombe, na sisi tulikuja na bei ya mbuzi, lakini huyo mtu akaanza kuimba. “Profeshono, madam. Ukinunua hii, umemaliza. Wateja watakuogopa.”

Nikamwambia msichana aweke kamera yake. Akainamisha ile kamera kama anapiga picha miguu ya mtoto. Nikamwambia aachilie. Kamera ikajiinua yenyewe, polepole, ikaangalia dari.

Mwenye duka akasema hiyo ni springi, iko ndani, ni ya kushikilia kamera nzito za televisheni zisianguke. Kamera yetu ni nyepesi, springi inaishinda. Nikamuuliza sasa msichana atafanya nini. Akasema atazoea, atakuwa akiishika chini na mkono. Yaani mtu anunue punda ndio ambebe huyo punda mgongoni. Nikafikiria mwalimu na ng'ombe yake na mbuzi yake, nikasikia uchungu ya karo nililipa.

Cha tatu kilikuwa chini kabisa, na vumbi. Alikiweka mbele yetu vile mtu anawekea mbwa sahani. Bei ya mbuzi. Akafunga kamera juu yake yeye mwenyewe, haraka, akaachilia, na kamera ikainamisha pua kama mlevi kanisani.

“Unaona?” akasema. “Hii ni ya watu wa kuanza tu.”

Mjukuu wangu akaanza kufungua kamera arudishe kwa begi. Nilijua anafikiria Jumapili.

Mimi nimebeba kuni na maji na kamba ya kupitisha kwa paji la uso tangu niko mdogo, mpaka leo ukishika hapa juu ya nyusi unasikia mfereji. Mzigo ukikaa vibaya unaangusha mama mwenye nguvu. Hatafuti shingo ingine. Anasimama, anausukuma kidogo, anaenda. Na huyo mtu wa tai alikuwa ameweka kamera mbele kabisa, lenzi yote inaning'inia nje. Chini ya kamera kuna bati refu, na nilikuwa nimeliona linateleza.

“Legeza hiyo skrubu,” nikamwambia msichana. “Rudisha mzigo nyuma.”

“Madam, hiyo si shida ya skrubu,” mwenye duka akasema.

“Rudisha nyuma, mama,” nikamwambia msichana tena.

Akarudisha upana wa kidole. Kamera ikainama. Akarudisha kidole ingine, akaachilia. Ikakaa. Akainamisha chini, akaachilia, ikakaa hapo hapo. Akainua, ikakaa. Akaigeuza kutoka mlango mpaka dirisha, akasimamisha katikati, akaanza tena, na haikushtuka. Nikautikisa ule mkono wa kichwa nione kama umelegea kwa shina. Haukulegea. Msichana akaangalia tundu ya chini, akasema inaingia kwa miguu yake ya zamani. Mwenye duka akafuta vumbi na tai yake, akasema hata yeye alikuwa anataka kutuambia tuchukue hicho.

Jumapili kwaya iliingia kutoka mlango mkubwa, na jirani yetu alikuwa mbele, anatembea kama kanisa ni ya baba yake. Msichana alimfuata na kamera mpaka madhabahuni.

Baada ya ibada walikuja kwangu kuangalia. Mwalimu akasema picha ni sawa lakini ingekuwa sawa zaidi na cha kilo nane. Jirani alijiangalia akiingia, akaomba irudishwe. Akaomba tena. Mara ya nne aliuliza kama msichana anaweza kuja Ijumaa asubuhi, aanze na wanawake wakipika.

Mjukuu wangu akamwambia Ijumaa ako Mikinduri, kuna mazishi, atakuja Jumamosi ya harusi, saa kumi na mbili asubuhi.

Yule mama akanivuta kando. Akaniomba nimwambie msichana ampige kutoka upande wa kushoto, huo ndio mzuri. Nikamwambia aongee na mwenye kamera.