Siku Kathiani Walipomzika Mutua

Asubuhi moja, siku chache baada ya uchaguzi wa 2007, kaka yangu Mutua alikuwa mlangoni akinyoosha spoku za baiskeli ya mteja. Nilikuwa nimetoka Machakos kumtembelea huko Bonde la Ufa, na kwa wiki mbili sikuwa nimevuka lango la ploti. Mimi ni mtu wa nyumbani. Popote ninapotandika kitanda, nanata kama kupe.

"Nyumba za watu wa kuja zinachomwa. Majirani wanahamia kituo cha polisi," akasema. "Twende, Nduku."

"Nikalale kwa nyasi? Hapa tuko na kufuli."

Akacheka. "Wewe hata mbinguni utauliza kama kuna kufuli."

Siku ya pili akaniomba tena. Nikamwambia tungoje kesho. Moshi ulikuwa umetanda juu ya mabati, laini, rangi ya maziwa, na watu walipita ndani yake na magodoro kichwani, bila sauti, kana kwamba wanatembea chini ya maji. Nikawatazama dirishani hadi nikashikwa na usingizi.

Siku ya tatu, mchana, filimbi zikalia nje. Lango likaanza kupigwa mawe.

Mutua alinisukuma juu ya ukuta wa nyuma. Mimi ni mzito. Ilichukua muda.

Yeye hakuvuka.

Mwili wake ulifika kwetu Kathiani baada ya wiki tatu. Huko, aliyekuwa na marehemu mwisho ndiye husimama kando ya jeneza akaeleza kifo kilivyokuja, na wazee huuliza maswali. Mama aliamini kwamba Mutua alivamiwa njiani. Aliyemwambia hivyo ni mimi, kwa simu. Sasa ningesimama mbele yake niseme nini? Kwamba aliniomba siku mbili, na mimi nikachagua kufuli?

Kutoka chumba changu cha Machakos hadi kaburini si mbali. Siku ya mazishi nilivaa nguo nyeusi tangu alfajiri, nikakaa kitandani na viatu miguuni. Jua lilitambaa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nasikia binamu yetu alisimama, akaeleza asichokijua.

Watu wakasema Nduku ameogopa safari. Sikuwasahihisha.

Mwezi uliofuata Mama alikuja kwangu. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Siku hiyo alikuwa amekula?"

"Alikula, mwaitu. Ugali na maharagwe. Akaongeza."

Hilo lilikuwa kweli. Miaka imepita, na bado ni ukweli huo tu niliompa.